Kikombe cha Saruji

Mtu wa saruji kwenye kisima chetu cha gesi ana kikombe cha bati. Kila bomba la chuma linaposhushwa ardhini na saruji kusukumwa kulizunguka, ili gesi isipenye kando ikatulipua, yeye huchota kiasi cha saruji hiyo hiyo, akaijaza kikombeni na kukiweka dirishani. Kisha hungoja, kope nzito, vidole vimepasukapasuka, na kila saa huibonyeza kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha ukiacha alama, saruji haijashika.

Juzi msimamizi alimsukumia fomu. “Mzee, tia sahihi tuendelee kuchimba. Makao makuu wananikalia kichwani.”

“Washuke kwanza,” akajibu kwa sauti ya uchovu.

“Wewe na kikombe chako! Umekioa?”

Tulicheka sote, sisi tunaosimama juu ya kisima hicho hicho. Aibu hiyo ningali nayo. Mzee alibonyeza. Alama ikabaki. Akamsogezea msimamizi kikombe pamoja na kalamu. “Bonyeza mwenyewe, mwanangu, kisha utie sahihi yako.”

Msimamizi akautia mkono mfukoni. Mzee akakirudisha kikombe dirishani, akaketi, akaendelea kungoja.