Mstari wa Kifauongo
Mama Majani hakuwahi kumuuzia mtu sumu, na hilo alilisema kwa kiburi. Miaka thelathini alichuma mboga za porini, zile zinazotambaa chini ambazo wewe na mimi tunazikanyaga bila hata salamu. Kila shina alilivunja kwanza: likitoa maziwa, analitupa, likitoa maji matupu, kikapuni. Wateja walimtania, "Mama, hata mchicha unaukagua?" Naye huwajibu, "Wewe kula, mimi niachie woga."

Mdogo wake, fundi cherehani, alikuwa mgonjwa chumba cha nyuma, hana nguvu hata ya kushika sindano. Hawakuwa na ndugu mwingine duniani. Mama Majani alimchemshia kongwe, mboga laini ya porini, akamlisha kwa kijiko, huku akimwomba Mungu asimnyang'anye huyu naye.

Basi asubuhi moja, jua limeshachomoza, alirudi na kikapu chake kupitia uani. Ua wote ulifunikwa na kifauongo, kile kijimea cha miiba ambacho ukikigusa tu kinakunja majani na kujifanya kimekufa. Mstari mwembamba wa majani yake ulikuwa umejikunja na kulala, kutoka kwenye ua wa michongoma kuelekea nyumbani. Sasa, kifauongo hakilali sana; robo saa tu, kimefumbua. Aliyepita, basi, kapita sasa hivi. Lakini umande juu ya majani haukudondoka hata tone.

Kesho yake mstari ulifika kwenye kamba ya nguo. Siku ya tatu, kwenye pipa la maji, hatua nne kutoka dirisha la mgonjwa.

"Huingii humu," alisema kwa sauti. "Labda unipitie mimi kwanza!"

Akashika jembe. Kufikia adhuhuri alikuwa amekwishang'oa kifauongo chote mpaka ukutani, viganja vinavuja damu kwa miiba. Akatua jembe, akacheka kicheko cha ushindi.

Mara kicheko kikamkauka. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Udongo mtupu kila upande. Lo! Mjuzi mzima wa majani, na ameng'oa yale pekee yaliyokuwa yakimwonyesha. Sasa angejuaje kitu hicho kimefika wapi?

Mdogo wake akaita kutoka ndani, kwa sauti changamfu ambayo hakuwa nayo wiki nzima.

"Dada, hebu mletee mgeni kiti. Amesimama muda mrefu."