Jeneza Getini kwa Araba

Kwa miaka kumi na tisa Araba Takyiwa alilinda geti la reli nje ya mji wa Tarkwa, pale treni ya mawe ya madini ya manganizi inapokata barabara ikishuka bandarini Takoradi, na hakuna mtu aliyewahi kufia pale. Kuku wawili na mbuzi mmoja, basi, na mbuzi mwenyewe alikuwa mkaidi. Alikuwa na sauti ya kunyamazisha soko zima, na bendera mbili, nyekundu na kijani, ambazo hakumwachia mtu hata akienda kujisaidia.

Aliyemsumbua kuliko wote ni Egya Bentsil, yaani Baba Bentsil, mzee aliyestaafu kwenye gangi la mafundi wa reli. Kila asubuhi alijipenyeza chini ya geti lililofungwa, kiuno kikimuuma, kuja kuomba lile lile.

"Araba, nishike kijani treni moja tu."

"Kibali unacho?"

"Nimegongelea mataruma haya wewe ukinyonya!"

"Ndiyo maana yanacheza. Rudi nyuma hatua sita, Egya. Hata mwenye bendera husimama hapo. Sheria."

"Sheria hiyo si nilikufundisha mimi?"

Alimfundisha yeye, kweli. Bendera hakupata. Alirudi nyuma akizihesabu hatua kwa sauti, makusudi, ili kumkera.

Kisha akafa, na Jumamosi mtaa mzima ukamsindikiza kwa nguo nyekundu na nyeusi, tarumbeta mbele. Stesheni ilikuwa imeshapiga simu kwamba treni imetoka, na geti limeshushwa. Araba akapuliza filimbi. Nani asikie filimbi mbele ya tarumbeta nane? Wote wakainama wakapita chini ya geti, kama marehemu alivyowazoesha, na walipofika katikati ya reli jeneza likagoma. Likaenda mbele, likarudi, likazunguka, likasimama.

"Egya amekataa!" akapiga kelele Kojo Abaka, mbebaji wa mbele. "Ana neno lake!"

"Akaliseme makaburini! Treni inakuja!"

"Si sisi, Maame Araba! Miguu yetu kaishika yeye!"

Kule maiti akigoma hasukumwi, huulizwa anataka nini. Basi wakaanza kumbembeleza palepale juu ya reli. Mpwa wake akaungama kwamba redio ya mzee iliyopotea aliichukua yeye. Mjane akasema, "Bentsil, ile supu ya mawese iliniponyoka chumvi, sikukusudia." Jeneza halikusogea.

Honi ikalia nyuma ya kilima. Araba akapunga nyekundu kwa nguvu zote, lakini aliijua ile treni: mabehewa thelathini ya mawe hayasimami ghafla. Ingesimama, ndiyo, ikishawapitia wote. Aliwaona watu wote hao, na watoto mgongoni, na miaka yake kumi na tisa.

Hapo akajua mzee anataka nini. Akakimbilia jeneza na kuichomeka bendera ya kijani chini ya kamba za maua.

"Haya, Egya! Zamu ni yako. Sasa niambie, mwenye bendera husimama wapi?"

Tarumbeta zikanyamaza. Jeneza likatikisika.

"Husimama wapi, Egya?"

Jeneza likarudi nyuma kwa kishindo, Kojo nusura aache kandambili yake relini. Umati ukarudi nalo. Walipovuka reli ya mwisho wakaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na kwenye sita likatulia tuli.

Treni ikapita ikipiga mayowe ya breki. Dereva alipoona bendera juu ya jeneza akapiga honi ndefu, na hakuiachia mpaka behewa la mwisho.

"Unaona?" Kojo akasema, akihema. "Tulikwambia si sisi."

Araba alitaka kumzaba kofi, akajikuta analia. "Afadhali ningempa siku moja tu," akamwambia mjane. "Kitambaa tu kile."

"Ungempa, kesho yake angetaka honi," mjane akajibu, akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake.

Bendera haikurudi, ilikwenda na mwenyewe makaburini. Jioni Araba alifungua daftari la zamu ambalo mkubwa wake hulikagua kila Jumatatu, akaandika kwa herufi kubwa ili mkubwa huyo asije akasema hakuona: *Treni ya saa tisa. Njia salama. Mlinzi wa geti: Egya Bentsil.*