Karatasi ya Nesi wa Vidonda

Nesi wa vidonda hunusa bandeji kwanza, ndipo asalimie. Hukipigia soga kidonda cha mzee mshona viatu: “Umeamkaje leo, mkaidi wewe?” Mzee, ambaye sukari imemtoboa kisigino miaka miwili sasa, hucheka. Mwezi uliopita nesi alimtoa damu, akaizungusha kwenye mashine mpaka ikajitenga, akapaka rojo lake pale mfupa ulipochungulia, ili nyama iote. Leo amefungua bandeji bila kukisalimia kidonda. Mzee akajua yamekwisha.

“Sema tu, mwanangu.”

Nesi akapima kwa rula mara tatu. Nyama mpya, nyekundu, imeufunika mfupa.

“Baba, ilipangwa ukatwe mguu kesho,” akasema. “Karatasi ya daktari ninayo mfukoni tangu Jumatatu, nashindwa kukwambia. Sasa naenda kumrudishia; mguu huu haukatwi.”

Mzee akaushika mguu kwa mikono miwili.