Vyuma Vyangu na Sweta la Bibi

Jamani, aibu hii niliificha muda mrefu, ila kwa kuwa wifi yangu ameshaanza kuisimulia kwa kuongeza chumvi, bora niiseme mwenyewe.

Nilifungwa vyuma vya meno nikiwa mtu mzima, kazi ninayo pale Nyamagana, mchumba ninaye. Wengi walidhani ni urembo, kumbe meno yangu ya juu yalichomoza mbele na ya chini yalikuwa yananichoma kaakaa kila nikifunga mdomo, hata chapati nilikuwa naichana kwa mkono maana meno ya mbele hayakutani. Daktari alinieleza vizuri: kila jino linabandikwa kipande kidogo cha chuma, waya unapita juu ya vipande vyote na kuyavuta meno taratibu, mwezi hadi mwezi, mpaka ya juu na ya chini yakutane. "Ila vitu vigumu achana navyo," akasema. "Mahindi ya kuchoma, miwa, karanga. Kipande kikibanduka, waya unabaki unachezacheza."

Nikaitikia kwa heshima zote.

Siku ya kwenda Kisesa kutambulishwa kwa bibi yake Masalu, mchumba wangu, njaa ikanishika njiani, nikaona mama mmoja anachoma mahindi, nikajiambia nitatafuna upande mmoja tu, kidogo. Nikasikia "ta!" Nikapapasa kwa ulimi: kipande cha pembeni kimebanduka, ncha ya waya imetokeza kama ndoana. Masalu akauliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu (ndoa bado, ukweli wote wa nini?).

Sasa huyo bibi ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, na neno lake mpaka hapo lilikuwa "hapana". Alishaambiwa mjukuu wake kapata msichana wa mjini mwenye mabati mdomoni. Tukamkuta uani, amezungukwa na mashangazi, jua linawaka na yeye kavaa sweta la kufuma. Nikapiga magoti. "Shikamoo bibi." "Marahaba," akajibu, kavu kabisa. Mimi na kiherehere changu cha kutaka kupendwa, nikamrukia nikamkumbatia. Nilipotaka kuinuka, sikuinuka. Waya umeng'ang'ania sweta.

Nikavuta, uzi ukanifuata. Nikaacha kuvuta, nikabaki uso kifuani pa bibi, na mashangazi wakadhani nimezidiwa na upendo, mmoja akaanza kulia, mwingine akapiga kigelegele, majirani nao wakaja kuchungulia. Nikajitahidi kusema "Nimenasa!" lakini kwa mdomo uliojaa nyuzi ikatoka vingine.

"Anasema nini?" bibi akauliza.

"Anasema amekosa," akajibu shangazi mkubwa.

"Amekosa nini, hata chai hajanywa?"

"Labda ana mimba," akanong'ona mwingine, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Hapo Masalu wangu, badala ya kunitetea, akapaza sauti: "Bibi, mimi sijui lolote!" (Hiyo nilimwekea rohoni.)

Aliyeniokoa ni Ng'washi, dada yake, aliyeinama na kuchungulia. "Hajakosa wala hana mimba," akasema, "amenasa kama sato!" Akakimbilia ndani kutafuta kikatia kucha. Nikasikia bibi anatetemeka, nikajua ni hasira, basi, nimeikosa ndoa. Kumbe anacheka! Alicheka huku kichwa changu kinapanda na kushuka kifuani kwake, mpaka nami nikaangua kicheko, vyuma vyote hadharani.

"Polepole," bibi akamwambia Ng'washi aliporudi. "Nilijiandaa kumfukuza huyu binti, na mwenyewe amekataa kuondoka."

Vigelegele vya safari hiyo vilikuwa vya haki. Nilikaa ubavuni mwa bibi mpaka jioni, kipande cha uzi kikining'inia mdomoni kama sharubu za kambare, naye ananimegea ugali kwa mkono wake na kumwambia kila aliyeingia, "Huyu wangu, nimemvua mwenyewe."

Tumeshaoana. Vyuma vimetoka, meno yanakutana, na kila usiku navaa kifaa cha kuyazuia yasirudi yalikotoka. Kwa hiyo wewe uliyefungwa vyuma, waya ukichomoza rudi kwa daktari kwanza, ukweni baadaye. Mimi nimeapa: mzee yeyote namsalimia kwa magoti na mkono, basi. Isipokuwa bibi. Yeye nikimpa mkono anausukuma pembeni.