Picha Ilikuwa ya Macho ya Kaka Yangu

Nimekosa, jamani. Kaka yangu ni kipofu, na mimi ndiye niliyemwacha apofuke. Hajui mpaka leo.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa dereva wa foklifti, gari la kuinulia mizigo, kwenye kiwanda kimoja hapa Nairobi. Mabosi wakaleta madaktari na mashine ya kupiga picha ndani ya jicho, halafu kompyuta inaisoma na kusema kama uko hatarini kupata presha ya macho. Ugonjwa huo ulimpofusha baba yetu. Nikaogopa nikikutwa nao nitafutwa kazi. Nikamtuma kaka yangu Wafula, fundi wa redio kule Huruma, akapigwe picha kwa jina langu. Tunafanana sana.

"Macho yangu ni safi, wewe tulia," akanicheka.

Majibu yakatoka: hatari kubwa! Daktari akaniita, akanimulika, akashangaa.

"Wewe huna shida. Lakini kompyuta inasema mshipa wa jicho umeanza kuliwa."

"Labda mashine imekosea," nikasema.

"Labda," akajibu, akanipitisha.

Ee Mungu, nilijua! Nilijua pale pale.

Jioni Wafula akauliza, "Mashine ilisemaje?"

"Uko poa."

Niliogopa ukweli ukitoka nitafutwa. Ningeweza hata kumtungia uongo mwingine aende kupimwa kwingine. Sikufanya hata hilo!

Nikapandishwa cheo, nikahamia mtaa wa Umoja. Yeye akaanza kujigonga kwenye ngazi za ploti alimopanga chumba, kisha akawa anajiunguza vidole akichomelea nyaya. Alipofika hospitali aliambiwa dawa ya matone ingemsaidia kama angewahi. Angewahi! Vifaa vyake vikauzwa. Mkewe akarudi kwao.

Kinachonimaliza ni hiki. Juzi wapimaji wa macho walikuja mtaani kwa Wafula, na mama mmoja jirani yake akamuuliza kama naye aende kupimwa.

"Usijisumbue, mama. Mimi walinipiga picha wakasema niko sawa. Hizo kompyuta ni bure kabisa."

Mama yule akageuka, akarudi nyumbani. Mimi nilikuwa hapo hapo, nimemshika kaka yangu mkono. Nikanyamaza tena!

Wewe unayesoma haya, kama unajua ugonjwa wa mtu wako, mwambie leo, hata kama utafukuzwa kazi. Mimi kazi nilibaki nayo. Laiti wangenifuta!