Swali la mkojo mbele ya mkwe

Leo Kisesa nusura nimrushie bosi kiti.

Tulikuwa tunajaribu dodoso la kikohozi sugu tulilotafsiri kwa Kisukuma. Mama mmoja mtu mzima kaletwa na mume wa binti yake. Nikamnong'oneza bosi: lile swali la mkojo lisubiri, mkwe atoke kwanza.

"Fuata utaratibu."

Akalisoma mwenyewe, kwa sauti: ukikohoa, mkojo unakutoka?

Mkwe akatoka bila kuaga. Mama akajifunika kanga usoni, akaondoka na kikohozi chake. Hata kipimo cha makohozi hakusubiri.

Bosi kaandika: "Amekataa kushirikiana."

Wenye wakwe, nyie mngeshirikiana?

Bosi, najua unanisoma hapa. Kesho njoo na mama mkwe wako. Nitamuuliza mimi, wewe ukae palepale usikilize jibu.