Mashine Iliyokaa Eda

Nilitoka Mjini Alhamisi asubuhi kwa sababu Jumamosi lori lingefika Mkokotoni kuichukua boti ya baba. Mwenye hoteli mmoja wa Kiwengwa aliitaka aisimamishe mchangani karibu na bwawa lake la kuogelea, aitie rafu, apange chupa za vinywaji. Mdogo wangu Makame alikwisha kukubali. Mama naye alikuwa ametoka eda Jumatano, miezi minne na siku kumi zimetimia, na neno lake la kwanza kwenye simu halikuwa salamu.

"Mwanangu, mie n'nataka kuvuka Tumbatu kwa mawifi zangu, na n'nataka kuvuka kwa boti ya mume wangu. Njoo uitazame hiyo mashine."

Kwa asiyenijua, mimi ni fundi wa vyerehani pale Darajani. Cherehani na mashine ya boti ni mbali na mbali, na nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba mafundi wa boti wameshakuja wawili na wote wameshindwa, kwa hiyo sasa ni zamu ya wasiojua. Mama akishasema namna hiyo, mtu hutafuta viatu vyake.

Saa moja na nusu nilikuwa juu ya skuta yangu, sanduku la zana limebanwa katikati ya miguu, napita Mtoni. Barabara hii ndiyo baba aliyokuwa akinipitisha kila shule zilipofungwa. Mimi nililelewa Mjini kwa shangazi ili nisome, na mwaka mzima nilikuwa nikiihesabia likizo vidole. Tukifika Bububu alikuwa ananiuliza kama bado naogopa bahari, nami naapa kuwa siogopi, naye anacheka kwa sababu alijua ni uongo.

Baada ya Bububu njia inapanda kidogo, upepo unakuwa wa shamba, na hapo ndipo nilipoanza kulia. Nilimtamani baba yangu kwa namna ambayo haikunijia hata siku ya msiba. Wiki mbili kabla hajafariki alinipigia simu: "Njoo bibi fundi wa sindano, uisikie mashine. Nimeirekebisha, inaimba." Nikamwambia nitakuja wiki ijayo, nina vyerehani vya watu. Wiki ijayo nikamwambia wiki ijayo. Alikuwa hanilaumu, na laiti angenilaumu.

Mahonda nilisimama kunawa uso. Nilikunywa juisi ya muwa nikaitoa simu niitazame picha yake, ile moja niipendayo. Yuko baharini, amekaa nyuma penye usukani, kofia imerudi kisogoni, na nyuma ya sikio amechomeka kijiti. Utotoni nilimwambia mama kwamba baba akiwa baharini huvaa kijiti sikioni, akakataa katakata. Nyumbani hajamwona na kitu sikioni hata siku moja. Tukaishia kuitana waongo, na mimi ndiye niliyechapwa.

Saa nne kasoro nikaingia Mkokotoni. Maji yalikuwa yametoka, na boti ya baba imelala ubavu kwenye tope, rangi yake ya kijani imeanza kubambuka. Makame alikuwa amekaa juu ya ukuta wa pwani. Amekonda. Aliniamkia, akanipokea sanduku, akalipima uzito mkononi.

"Dada, humu mna nini? Mikasi?"

"Mna akili. Wewe hebu nieleze tangu mwanzo."

Akanieleza, ingawa mwanzo wenyewe nilikuwa naujua. Baba alizaliwa kisiwani Tumbatu, ng'ambo ya Mkokotoni, na aliusia azikwe huko. Siku ya maziko wanaume walilishusha jeneza pwani walitie kwenye boti yake mwenyewe. Sisi wanawake tulikuwa ndani, lakini nyumba iko karibu, tuliisikia mashine ikiwaka. Mama aliinua kichwa. Kisha tukaisikia inakohoa, ikazima. Makame alipiga hendeli ya kuiwashia mpaka viganja vikatoka malengelenge, na mwisho jeneza likahamishiwa boti ya jirani. Baba akavuka mlango wa bahari aliouvuka umri wake wote, safari hii akiwa mgeni katika chombo cha mtu.

Tangu hapo ikawa ndiyo tabia ya mashine. Ikilala siku kadhaa huwaka, huenda dakika mbili, ikafa. Fundi wa kwanza alibadilisha chujio la mafuta. Wa pili alifungua nozeli inayorushia mafuta, akaisafisha, akatoa upepo kwenye mabomba, kisha akasema pampu imekufa na pampu ya mashine ya zamani kama hii haipatikani tena. Tangu mwezi uliopita haiwaki hata hizo dakika mbili.

"Na mafuta yamo?"

"Tangi limejaa. Si unaona?" Akanionesha mpira mweupe ulio ubavuni mwa tangi, mafuta yamesimama juu kabisa. "Baba alilijaza mwenyewe, kabla ya kuugua. Hatujapata hata kuongeza."

Tukapanda. Nikapiga hendeli mara tatu kwa heshima tu. Ilizunguka nzito, inabana vizuri, haikuwaka. Nilipotaka kuanza kufungua, Makame alinishika mkono.

"Dada, usijichoshe. Mie n'najua haiwaki kwa nini."

"Kwa nini?"

Alitazama upande wa Tumbatu, si kwangu. "Siku ile ya mwisho nilichelewa kuja pwani. Akanigombeza mbele ya watu, nami nikamjibu. Jioni yake homa ikamshika, na sikumwomba radhi, nikasema akipata nafuu. Hakupata. Mashine yake imenikataa mbele ya jeneza lake, dada. Watu wote wameona. Iende tu huko Kiwengwa, mie siwezi kuitazama kila siku."

Nilikaa juu ya ubao. Nilikuwa nimekuja na maneno makali kuhusu hoteli na chupa, yote yakanikauka. Nyie mnaosoma mnajua radhi ya mzazi ni kitu gani kwetu, na mtu akiamini ameikosa hakuna spana ya kumfungua. Nilimwambia kitu kimoja tu, kwamba mimi sijui mambo ya radhi, najua mambo ya nyuzi, anisaidie kushika.

Karibu na adhuhuri jua lilikuwa limetukalia. Cherehani ikikata uzi, fundi mchanga hukimbilia kwenye sindano, kwa kuwa ndiko kunakoonekana ubaya. Mimi nilifundishwa kuanzia kwenye kidonge cha uzi na kuufuata uzi mpaka sindanoni, hata kama mteja anakutazama vibaya. Mafundi wote wawili walianzia kwenye mashine. Mimi nikaenda kwenye tangi.

Nikafungua bomba linalotoka chini ya tangi, nikakinga kopo. Mafuta yakatoka kwa nguvu. Makame akaguna, kama anayesema si nilikwambia. Kisha yakapungua, yakawa uzi mwembamba, yakawa matone, yakakoma. Kopo lilikuwa halijafika hata nusu, na tangi limejaa.

Tulitazamana. Nikapitisha waya kwenye bomba, hamna uchafu. Tukangoja, likatoka tone, tukangoja tena. Ndipo nikakumbuka kitu anachokijua kila aliyewahi kutumwa jikoni: kopo la maziwa mazito hutobolewa matundu mawili. Ukitoboa moja, utalipindua mpaka chai ipoe. Maziwa hayatoki mpaka upepo upate pa kuingilia.

"Makame, hili tangi linapumulia wapi?"

"Kwenye kifuniko. Kina kitundu."

Kifuniko kilikuwa kimejaa vumbi na chumvi. Nikakifuta kwa kanga yangu. Kitundu kilikuwapo katikati, na ndani yake kilikuwa kimechomekwa kijiti, kimechongwa kwa kisu, kimekaa sawasawa, kichwa chake kimeota weusi kwa kushikwashikwa.

Sikukitoa. Nilikaa nakitazama. Nilikijua. Nilikuwa nacho kwenye simu, nyuma ya sikio la baba.

"Ulikuwa unakuja pwani saa ngapi, wewe na baba?" nikamwuliza Makame.

"Yeye alikuwa ananitangulia siku zote. Nikifika keshakagua kila kitu, mie n'napiga hendeli tu. Na jioni alikuwa ananambia nitangulie na samaki, yeye abaki kufunga."

Basi. Jioni baba huziba tundu kwa kijiti ili mvua na chumvi zisiingie kwenye mafuta. Asubuhi hukichomoa, na kwa kuwa mikono ina kazi, hukiweka sikioni mpaka warudi. Nchi kavu kijiti kiko kwenye tangi, baharini kiko kwa baba. Mama hakusema uongo, wala mimi.

"Makame," nikamwambia, "hukukataliwa na mtu. Baba aliliziba tangi ili mvua isiyaharibu mafuta. Aliugombeza ulimi wako mchana, na jioni akabaki kukuhifadhia mafuta yako. Mtu hamtunzii mashine mtoto ambaye hana radhi naye."

Alichutama pale pale kwenye maji ya tope yaliyo ndani ya boti, akajifunika uso kwa fulana, akalia kwa sauti kama alivyokuwa akilia mdogo. Nilimwacha. Mimi mwenyewe nilikuwa sioni vizuri. Mkono wa mwisho kukigusa kijiti kile ulikuwa wa baba, na kukichomoa ilikuwa ni kuitengua kazi yake ya mwisho duniani. Nilitamani tukiache. Nilitamani hata boti isiwake, ili kitu kimoja kibaki vile alivyokiacha yeye.

Makame ndiye aliyesema, bado amejifunika. "Kitoe, dada. Mama anangoja."

Nikakichomoa. Tangi likavuta pumzi, ndefu, tukaisikia sote wawili.

Alasiri maji yalijaa, boti ikanyanyuka. Tulitoa upepo kwenye mabomba, safari hii mafuta yakaja bila kusita. Makame akapiga hendeli mara moja. Ikawaka. Tukasimama tunaihesabia dakika, mbili, tano, kumi, na watu wa pwani wakaanza kusogea. Ilikuwa kweli inaimba. Nilikuwa nimechelewa kuja kuisikia, lakini nimeisikia.

Mama aliteremka pwani amevaa buibui jipya, mkononi kikapu cha mikate ya kumimina kwa ajili ya mawifi zake. Nikamwonesha kijiti, nikamweleza. Alikigeuza geuza, akakinusa.

"Kumbe nayo ilikuwa imekaa eda," alisema. "Haya, nishikeni mkono, na wewe nisamehe kile kipigo."

Tulivuka. Makame alikaa penye usukani, mahali pa baba. Tumbatu mawifi walimpokea mama kwa kilio na kwa chakula, shangazi mkubwa akauliza, "Mmevukia boti ya nani?" na mama akajibu, "Yetu." Tukalala huko.

Ijumaa asubuhi, mapema kabla maji hayajatoka, tulirudi Mkokotoni. Makame alimpigia simu yule mwenye hoteli, akamwambia lori lisije. Sikusikia alijibiwa nini, na Makame hakuonekana kujali. Baada ya sala nikaaga. Kijiti kilikuwa kwenye pochi yangu, na sikumwambia mtu. Niliona ni haki yangu. Wao wamebaki na boti, na mimi nina nini?

Jioni nilipofika Mtoni, mvua ikanikamata, ile mvua isiyobisha hodi. Niliegesha skuta, nikajibanza kwenye baraza ya duka, na hapo ndipo nilipokumbuka. Kitundu kiko wazi. Nimemwibia baba kijiti chake, na mvua inaingia kwenye mafuta yake. Nilichokipata katika safari hii ni hiki: alichokiacha marehemu kinataka kutumika, na anayekiweka pochini kwa mapenzi anaweza akakiharibu kuliko mwenye hoteli. Nikampigia Makame, mikono imelowa.

"Naam, dada."

"Makame, tangi. Mvua. Kijiti n'nacho mie, nisamehe, n'nageuza sasa hivi."

"Usigeuze," alisema. Nyuma yake niliisikia mvua ikipiga bahari, kwa hiyo alikuwa pwani. "Nshaziba. Nimechonga changu."

Nikabaki na simu sikioni hata baada ya yeye kukata. Kisha nikakitoa kile cha baba, nikakichomeka nyuma ya sikio langu, chini ya ushungi, nikawasha skuta.